SOMO: TUPIME KABLA YA KULAUMU

Fungu la kusoma: Danieli 1:8-16



Msimu uliopita, mama mmoja wa kwetu hapa Kigali alikatazwa na majirani kuingia katika bustani ya pamoja. Maharagwe yalikuwa yakinyauka, wakasema alipita humo akiwa katika siku zake. Nami mchungaji wenu nilinyamaza, maana hata kwetu Kongo nilikuzwa na maneno hayo.

Kisha tuling'oa miche mitatu iliyonyauka, tukapasua shina karibu na udongo. Ndani tulikuta funza! Ni watoto wa nzi wa maharagwe. Nzi huyo hutaga mayai kwenye majani ya mche mchanga, na funza hushuka ndani mpaka chini ya shina. Huyo ndiye mwenye kosa. Miche iliyobaki tuliipandishia udongo shinani ili itoe mizizi mipya, na mingi ilipona. Yule mama tulimwomba msamaha.

Danieli aliomba siku kumi tu: yeye na wenzake watatu wale mboga na kunywa maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana wengine. Hakubishana, aliomba wapimwe. Sayansi nayo hufanya hivyo.

Basi tufanye hivi:

1. Chimbua uone. Wengine huogopa vinundu kwenye mizizi ya maharagwe. Pasua kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kina bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Hicho ni baraka. Lakini mzizi wenyewe ukivimba, na uvimbe haubanduki, huenda ni minyoo midogo ya udongoni.

2. Panda mistari miwili. Mbegu moja, siku moja, maji sawa. Badilisha jambo moja tu, kwa mfano majivu. Wazee hawakukosea yote: majivu hupunguza asidi ya udongo, na udongo wa milima mingi ya Rwanda una asidi.

3. Hesabu na uandike. Miche mingapi ilipona? Ulivuna vikombe vingapi? Rudia msimu ujao, maana mara moja yaweza kuwa bahati.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
- Ni neno gani la bustani tunaliamini bila kulipima?
- Je, kuna mtu tuliyemlaumu kwa ajili ya neno hilo? Tufanye nini kwake?

Tumekimbia vita tukiacha mashamba yetu. Tusifukuzane tena kwa sababu ya funza.

Mungu awabariki.