Damu kwenye mswaki si jambo la kupuuza

Kesho asubuhi ukimaliza kupiga mswaki, tazama mate unayotema. Je, yana wekundu? Wengi wetu huyamwagia maji tukaendelea na shughuli zetu. Lau damu hiyo ingetoka mkononi kila siku, ungekwenda hospitali mbio.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mzee mmoja mkulima wa Kililana, bara ya Lamu, mahali ambapo wengi sasa hupajua kwa bandari iliyofunguliwa Mei 2021. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Dawa alimeza bila kukosa, lakini sukari haikushuka. Mimi nilidhani anakula haluwa kwa siri, nikamwongezea dawa. Siku moja nilihisi harufu nzito alipokuwa akizungumza, nikamwomba aachame. Ufizi ulikuwa umevimba na meno mawili yalikuwa yakicheza.

"Mzee, hali hii imeanza lini?"

"Ah, daktari, ni uzee tu. Nikipiga mswaki natoka damu, basi nimeacha nisijiumize."

Kosa lilikuwa langu. Kwa muda wote huo sikuwahi kumtazama kinywani.

Ugonjwa huanza vipi?

Baada ya kula, vijidudu hujijenga juu ya meno kama utando laini. Usipoondolewa, utando huo hugeuka ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa. Ufizi hukasirika, ukavimba na kutoa damu. Katika hatua hii ugonjwa hupona kabisa kwa usafi. Ukiachwa, ufizi huachana na jino, usaha hujikusanya, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Mfupa huo ukishaliwa, kwa kawaida haurudi. Mara nyingi hakuna maumivu, na ndiyo maana watu huchelewa.

Kinywa na mwili mzima

Kisukari na ufizi huumizana. Sukari nyingi mwilini hupunguza nguvu za kupigana na vijidudu, na uvimbe wa ufizi nao huifanya insulini isifanye kazi vizuri. Uchunguzi umeonyesha kwamba kutibu ufizi hushusha kiasi fulani kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3. Hakuchukui nafasi ya dawa, bali huzisaidia.

Ama moyo, watu wenye ugonjwa wa ufizi hupatwa zaidi na maradhi ya moyo na kiharusi, ingawa haijathibitishwa kwamba kusafisha ufizi peke yake huyazuia. Lililo hakika ni hili: vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu na kushambulia vali za moyo zilizoharibika, kwa mfano kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni. Ikiwa una tatizo hilo, mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa.

Mama mjamzito naye ufizi wake huvimba upesi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Ugonjwa wa ufizi umehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama.

Ufanye nini?

Kwanza, usiache mswaki kwa sababu ya damu. Piga polepole mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala, ukifika pale jino linapokutana na ufizi. Kijiti cha mti wa mswaki walichotumia wazee wetu wa pwani kinafaa pia, mradi kiwe kibichi, ncha yake itafunwe ilainike, na kifikishwe hadi meno ya nyuma. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1986.

Pili, acha sigara na tambuu ya tumbaku. Sigara hupunguza damu katika ufizi, kwa hivyo mvutaji huweza kuwa mgonjwa bila kuona dalili.

Tatu, damu ikiendelea zaidi ya wiki 2, au meno yakicheza, nenda kwa daktari wa meno akwangue ukoga. Ukiona damu pamoja na madoa ya kuvilia mwilini au homa, usingoje hata siku moja.

Mzee wetu alipanda boti kutoka Mokowe hadi Amu, akasafishwa, na meno yale 2 yakang'olewa. Baada ya miezi 3 sukari yake ilikuwa imeshuka, wala sikumwongezea dawa nyingine. Ninyi wasomaji wa mjini hamna bahari ya kuvuka ili kumfikia daktari wa meno. Na siku utakapokwenda kupima sukari au presha, usingoje daktari akuulize kama nilivyosahau mimi. Mwambie, "Daktari, nikipiga mswaki natoka damu."