Ruzuku ya Uvuvi: Chombo Ziwani au Kichanja Mwaloni?

Wilaya ya Ngara haina mwambao wa Ziwa Viktoria. Inayo mito ya Ruvuvu na Kagera, ambayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Kwa upande wa Biharamulo, sehemu kubwa ya mwambao uliokuwa wa wilaya hiyo sasa imo Chato, katika Mkoa wa Geita ulioundwa mwaka 2012. Kwa hiyo samaki wa ziwa aliwaye katika nchi ya Wasubi hufika kwa barabara, na mara nyingi ni dagaa mkavu ndani ya gunia. Hapana budi kukumbuka jambo hilo tunapopima msaada wa serikali kwa uvuvi.

Ruzuku ni malipo, au msamaha wa malipo, ambao serikali huutoa ili kazi fulani iweze kuendelea. Nchini Tanzania imepitia sura nyingi. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Uvuvi, TAFICO. Mwaka 1980 ikaja sheria ya kuanzisha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI. Zana kama nyavu na injini za boti zimepata misamaha ya kodi. Na mwaka 2024 wavuvi na wafugaji wa samaki wa Kanda ya Ziwa walianza kukabidhiwa boti na vizimba kwa mikopo isiyo na riba.

Je, boti zaidi huleta samaki zaidi? Kwa muda, ndiyo. Lakini samaki wa ziwa huzaliana kwa kasi yao wenyewe, wala hawajui habari za mikopo. Boti zikizidi kasi hiyo, kila mvuvi hurudi na samaki wachache kuliko jana, hali mafuta anayochoma ni yale yale. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alijaza nyavu katika miaka ya 1980, akala furu wa aina nyingi hata baadhi wakatoweka. Viwanda vilipomwandama, yeye naye akapungua ukubwa. Kizimba ni habari nyingine, maana samaki wake hupandwa. Ila nacho hudai chakula na maji safi.

Sasa tumtazame dagaa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi huanikwa. Tuseme mvuvi ameleta kilo 100 za dagaa wabichi, ambao robo tatu ya uzito wao ni maji. Kilo 25 zilizobaki ni protini, mafuta na madini. Ili dagaa akae ghalani bila kuoza, tuseme maji yabaki asilimia 15 tu ya uzito. Gawanya 25 kwa 0.85: zitabaki kilo 29 na kitu, yaani jua na upepo vimeondoa kilo 70 za maji. Mvua ikinyesha kabla kazi hiyo haijamalizika, bakteria na kuvu huwahi, na mzigo huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Dagaa aliyeanikwa mchangani hukaushwa upande mmoja, tena hubeba mchanga hadi mezani. Kichanja cha miti na wavu humpitishia upepo chini na juu, na turubai huweza kutandazwa upesi wingu likitanda. Shilingi iliyotumika hapo huongeza chakula pasipo kuvua samaki hata mmoja wa ziada. Ajabu ni kwamba kichanja hakina sherehe ya kuzinduliwa kama boti. Hata mkataba wa ruzuku za uvuvi uliopitishwa Geneva mwaka 2022 na Shirika la Biashara Duniani unahusu bahari tu; maziwa yameachiwa nchi zenyewe.

Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili. Chukueni samaki wadogo wabichi, gramu 200, mgawe mafungu mawili sawa. Moja lianikwe juu ya mchanga, jingine juu ya wavu ulioinuliwa kimo cha meza. Pimeni kila baada ya saa mbili tangu asubuhi hadi jioni, mkipangusa mchanga kwanza, kisha choreni grafu ya uzito dhidi ya saa. Rudieni siku ya mawingu.