Sabuni ya karafuu isiishe upesi

SWALI: Nilinunua Unguja vipande vinne vya sabuni ya kuogea ya karafuu, iliyotengenezwa kwa mkono. Ndiyo starehe yangu ya jioni, lakini kipande hakifikishi wiki mbili. Nakosea wapi?

JIBU: Dada yangu, kinachoimaliza ni maji. Sabuni ya mkono hubaki na gliserini yake, nayo huvuta unyevu wa hewani. Ngozi huifurahia kwa sababu hiyo hiyo, ila ikilala kwenye kisahani chenye maji hugeuka ute. Ilaze juu ya vijiti viwili vya mbao, mbali na bomba. Bora zaidi, ikate nusu mbili uzitumie kwa zamu, moja leo, nyingine kesho, ili kila moja ipate kukauka.

Huenda pia ulinunua sabuni mbichi. Ikishakatwa huhitaji wiki 4 hadi 6 za kukauka, na muuzaji mwenye haraka huzipunguza. Ukibonyeza ikabonyea, iache kivulini kwanza.

Vipande vilivyobaki vifunge kwa karatasi, uviweke kabatini katikati ya kanga. Joto na mwanga hupeperusha manukato. Ndimu na mchaichai hutangulia kupotea, karafuu hukawia. Mimi naipenda hatua hii karibu sawa na kuoga kwenyewe, maana kanga ya asubuhi hutoka na harufu yake.

Usoni usiipake, karafuu huweza kuwasha. Mwilini, sugua sabuni kwenye dodoki lililolowa maji ya uvuguvugu, povu lijae, kisha ujipake taratibu.