Siku Moja Ziwani na Askari Aliyerudi Vitani



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tunatazama jeraha lisilofungwa bendeji, yaani jeraha la vita linalobaki moyoni baada ya bunduki kunyamaza. Tutajifunza kutokana na kazi ya kujitolea inayofanyika Marekani. Huko, watu wenye mashua na ujuzi wa kuvua huwachukua askari waliotoka vitani na kushinda nao ziwani kwa siku moja. Huenda msomaji akauliza: kuvua samaki na afya vinahusianaje? Tufuatane pole pole.

JERAHA LENYEWE

Wahenga walisema: Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii inaueleza ugonjwa wetu kwa maneno machache. Vitani mwili hujifunza kukaa macho saa zote, kwa sababu anayesinzia hufa. Askari akirudi nyumbani, akili yake inajua kwamba vita vimekwisha, lakini mwili bado unangoja adui. Mlango ukibamizwa, anaruka. Usiku anaota mambo yale yale na kuamka ametota jasho. Anaepuka mikusanyiko, na hata kanisani hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Anakuwa mkali kwa watoto, au anakaa kimya siku nzima. Wengine hutafuta usingizi katika pombe.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, hali hii iliitwa mshtuko wa mizinga, na wengi waliidhani ni woga. Baada ya vita vya Vietnam, vilivyomalizika mwaka 1975, waganga wa Marekani waliitazama upya. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kiliiandika rasmi katika kitabu chake cha magonjwa. Hapa tutaiita kiwewe cha vita. Si woga, si pepo, wala si upungufu wa imani.

Si kila askari hupatwa na kiwewe. Wengi hurudi na kuendelea na maisha yao. Lakini tusilichukulie jambo hili kwa wepesi. Kwa hesabu ya serikali ya Marekani, mwaka 2021 peke yake watu 6,392 waliowahi kutumikia jeshi walijiua. Sababu za kujiua huwa nyingi, na kiwewe ni mojawapo tu. Hata hivyo, nyuma ya kila mmoja wa hao kuna mama, mke au mume, na watoto wanaojiuliza wangeweza kufanya nini.

KWA NINI ZIWANI?

Mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, mstaafu wa jeshi la majini aitwaye Ed Nicholson alianza kuwafundisha majeruhi wa vita vya Iraki na Afghanistani kuvua kwa ufito na mshipi. Kazi hiyo ilikua ikawa chama kiitwacho Project Healing Waters. Mwaka 2007 katika jimbo la Texas kilianza chama kingine, Heroes on the Water, ambacho huwapeleka askari kuvua kwa mitumbwi midogo ya kasia. Wako pia wavuvi wa kawaida wanaotoa mashua zao kwa siku moja kwa ajili ya kazi kama hii.

Samaki anayetafutwa mara nyingi ni besi, samaki wa maji yasiyo na chumvi, mwenye mgongo wa kijani na kinywa kipana. Wenzetu wa Naivasha nchini Kenya wanamfahamu, maana aliletwa katika ziwa lao kutoka Marekani katika miaka ya 1920. Besi hujificha penye magugu, magogo yaliyozama na vivuli, akingoja windo lipite, kisha hulivuta kinywani kwa ghafla. Mvuvi hana budi kutupa chambo mahali halisi, kukivuta taratibu, na kusikiliza kwa vidole. Marekani wengi wanaovua kwa starehe humrudisha majini akiwa hai.

Hapo ndipo afya inapoingia. Kwanza, mtu mwenye kiwewe amezoea kuwa macho kwa hofu, na hapa anakuwa macho kwa jambo lisilodhuru. Pili, mikono ina kazi, basi mawazo hayazunguki yakirudi kule kule. Tatu, watu wawili ndani ya mashua hawatazamani usoni kama katika mahojiano. Wote hutazama maji, na maneno yakija, yanakuja yenyewe.

KAZI YA ANAYEONGOZA

Mwenye mashua akijitolea, huenda akadhani kazi yake ni kuhakikisha mgeni anapata samaki. Samaki ni furaha, lakini kazi yake ya kwanza ni kuwa mwenzi wa kutumainika. Haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Eleza siku nzima kabla ya kuondoka. Tutaanza saa ngapi, tutafika wapi, tutarudi lini, msalani ni wapi. Mtu mwenye kiwewe huteswa na mambo ya ghafla. Mwambie wazi kwamba akitaka kurudi saa yoyote, mtarudi, wala hatadaiwa sababu.

2. Usalama kwanza. Jaketi la kujiokolea livaliwe tangu gatini, nawe uwe wa kwanza kulivaa. Anayeendesha afunge mwilini kamba ya kuzimia injini, ili akianguka majini injini izimike. Pombe isiingie mashuani kabisa. Mbali na hatari ya maji, wengi wanatumia dawa zisizopatana na pombe. Baadhi ya dawa huleta kizunguzungu au hufanya ngozi iungue jua upesi, kwa hiyo chukua maji ya kunywa, kofia na kivuli.

3. Mwache achague mahali pa kukaa. Wengine hawawezi kutulia mtu akiwa nyuma yao. Usimguse kwa ghafla, hata kumsaidia. Sema kwanza: "Naomba nikushike mkono tuingie."

4. Toa taarifa ya kelele. Kabla ya kuwasha injini kubwa, sema. Ikisikika radi, rudini pwani mapema. Penye msimu wa kuwinda bata, bunduki zitalia alfajiri, basi mwambie hilo kabla ya siku hiyo, aamue mwenyewe.

5. Ongea ukimwelekea. Mlio usiokoma masikioni ni miongoni mwa madhara yanayowapata askari wengi sana. Aliyewahi kuumia kichwa naye huchoka upesi, husahau maelekezo na huumizwa na mng'ao wa maji. Toa elekezo moja moja, na mpumzike mara kwa mara.

6. Usimfanyie anachoweza kujifanyia. Mwenye mkono mmoja anaweza kuvua akiwa na kishikio cha ufito kilichofungwa kiunoni. Mwenye mguu wa bandia anaweza kupanda mashua iliyofungwa vizuri. Muulize, "Wewe hufanyaje?" kisha ngoja. Kungoja huko ndiko kumheshimu.

MAKOSA YA WENYE NIA NJEMA

Kosa la kwanza ni udadisi. Kuna watu huuliza, "Je, uliua mtu?" Swali hilo lisiulizwe kamwe. Akitaka kusimulia, sikiliza. Usilinganishe na shida zako, usimhukumu, wala usikimbilie kumwambia asahau. Inatosha kusema, "Asante kwa kuniambia." Alichokuambia kibaki siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Kosa la pili ni kuvua kwa ajili yako mwenyewe. Kiongozi anayehesabu samaki wake humgeuza mgeni kuwa mtazamaji. Uweke ufito wako chini.

Kosa la tatu ni kuogopa ukimya. Huenda saa tatu zikapita bila neno. Usidhani siku imeharibika. Kwa mtu ambaye kichwa chake kina kelele usiku na mchana, ukimya ulio na mtu pembeni ni zawadi kubwa.

Kosa la nne, nalo ndilo linaloumiza zaidi, ni kuahidi na kutotimiza. Picha zinapigwa, chakula kinaliwa, watu wanaagana kwa kukumbatiana, "Nitakupigia simu." Kisha kimya. Mtu aliyepoteza wenzake vitani anajua maana ya kuachwa. Kama huwezi kurudi, usiseme utarudi. Kama umesema, mpigie wiki hiyo hiyo, hata kama ni kumuuliza tu habari za nyumbani.

UVUVI SI HOSPITALI

Tusidanganyane. Siku moja ziwani haiponyi kiwewe. Kuna tiba zenye kufaa: mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa kutibu kiwewe, na dawa pale daktari anapoona zinahitajika. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amejisikia vizuri baada ya matembezi. Faida ya siku kama hii ni kumtoa mtu ndani ya nyumba na kumpa rafiki. Mara nyingi rafiki huyo ndiye atakayemshawishi aende kliniki.

Jua dalili za hatari: kusema kwamba yeye ni mzigo, kugawa vitu vyake vya thamani, kuaga watu bila safari, kunywa kupita kawaida. Ukiziona, muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoeni silaha, sumu na dawa zilizo karibu, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Marekani mtu aliyetumikia jeshi hupiga simu namba 988 kisha hubonyeza 1, na hupokelewa usiku na mchana.

NA SISI JE?

Katika parokia zetu wapo wazee waliopigana vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Wapo vijana waliokwenda kulinda amani Kongo na kwingineko. Wako pia wake wanaoficha mambo ya usiku kwa aibu. Tusingoje tuwe na mashua. Mchukue mzee mkakague mizinga ya nyuki, mkapalilie, mcheze bao, mkavue kama mko karibu na maji salama. Mpe kazi ya mikono, uwe kando yake, urudi tena. Na usingizi ukimkataa kwa majuma, au hasira ikiumiza familia, msindikize hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa aulize huduma ya afya ya akili.

Tukumbuke sura ya 21 ya Injili ya Yohane. Baada ya siku za kutisha za Yerusalemu, mitume walirudi kuvua, wakakesha bila kupata kitu. Bwana mfufuka aliwangoja ufukweni. Alikuwa amewasha moto wa makaa na kuandaa samaki na mkate. Aliwalisha kwanza, na ndipo alipozungumza na Petro juu ya lile lililomuuma. Nasi tufuate utaratibu huo.

MASWALI YA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, katika jumuiya yetu yuko aliyewahi kuwa vitani? Nani humtembelea?
2. Tunamwitaje mtu anayeshtuka-shtuka au kukaa kimya? Je, maneno yetu yanamsaidia?
3. Ni kazi gani ya mikono tunayoweza kumwalika tuifanye naye mwezi huu, na nani atarudi kwake mwezi ujao?