Intaneti Nyumbani: Ikufikishe kwa Tabibu, Isikucheleweshe



Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kuzungumzia maji, vyoo, mbu na chakula cha mtoto. Leo In shaa Allah tutaangalia kitu ambacho miaka ishirini nyuma wengi wetu tulikiona ofisini tu, nacho sasa kimeingia ukumbini na hata juu ya kitanda: kompyuta, simu yenye intaneti, na ile ruta inayowaka taa usiku kucha. Huenda mtu akauliza, hayo yanahusiana nini na afya? Yanahusiana sana, na kwa sisi wa upande huu wa Jozani yanahusiana zaidi, kwa sababu mjini ni mbali, kiasi cha kilomita 35, na gari haipatikani kila saa.

Wakubwa watakumbuka. Mtu wa Pete au Kitogani aliyetaka kusoma barua pepe alipanda daladala hadi mjini, akalipia nusu saa katika intaneti kafe, akarudi jioni. Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mambo yakaanza kubadilika. (Mwaka huo huo, mwezi wa Disemba, kebo ya umeme inayotoka Bara iliharibika na Unguja ikakaa gizani kwa miezi mitatu. Basi tukajua kwamba kompyuta bila umeme ni sanduku tu.) Leo kijana anayetembeza wageni kuangalia kima punju anapokea maombi yao kwa simu, mwanafunzi anafanya mitihani iliyopita ya skuli, na mama anamuona mwanawe aliyeko Maskati. Yote hayo ni neema. Mimi nataka tuzungumzie siku ambayo ndani ya nyumba hiyo yenye intaneti kuna mgonjwa.

Kwanza tujue kwamba mtandao umekwishatufaa katika afya, tena hapa hapa Zanzibar. Malaria ilipopungua sana visiwani, kazi ilibakia moja ngumu: kumuona kila mgonjwa mmoja mmoja kabla ugonjwa haujaenea. Kuanzia mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kutuma kwa simu, kila wiki, idadi ya waliopimwa na waliokutwa na malaria. Mwaka 2012 ukaongezwa mfumo unaoitwa Coconut Surveillance, yaani jina la nazi, na kwa kweli limetufaa watu wa visiwani. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mgonjwa akikutwa na malaria kituoni, taarifa ilitumwa kwa simu. Taarifa hiyo ilimfikia afisa wa malaria wa wilaya, naye akapanda pikipiki na kompyuta bapa mkononi, akapita kituoni kuchukua maelezo, kisha akaenda hadi nyumbani kwa mgonjwa. Pale aliwapima watu wa nyumba kwa tone la damu ya kidole, na aliyekutwa na vimelea alipewa dawa hata kama hakuwa na homa. Akauliza pia nani amesafiri, kwa sababu wagonjwa wetu wengi wametoka Bara au wamekaa huko siku za karibuni.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu makusudi. Watu wengi wakimuona afisa na kompyuta yake mlangoni hudhani wanaandikishwa kwa jambo jingine, na wengine hutoa namba ya simu ya uongo au jina la kijiji kisichokuwa chao. Ukifanya hivyo umeukata mtandao palepale ulipokuwa unakuja kukusaidia. Jirani yako anaweza kuwa na vimelea katika damu na asijijue, na mbu hataulizia namba ya simu.

Mfano wa pili ni mpango wa Jamii ni Afya, ulioanza mwaka 2019 na kufika wilaya zote za Zanzibar mwaka 2021. Mhudumu wa afya wa kujitolea anakuja nyumbani na simu yenye programu inayomuongoza maswali ya kumuuliza mjamzito na mama wa mtoto mchanga, na kumuonyesha nani apelekwe kituoni. Angalia hapo: simu haikutibu mtu. Simu ilimsaidia mhudumu asisahau swali, kisha mtu akapelekwa kwa mtu.

Sasa tuje kwenye kutafuta wenyewe. Mtoto ana homa usiku, baba anafungua simu na kuandika "dawa ya homa ya mtoto". Yatakuja majibu mengi. Baadhi yameandikwa na madaktari wa nchi ambazo hazina malaria, na hao watakwambia homa nyingi za watoto ni mafua, subiri siku tatu. Kwao ni maneno ya sawa. Kwetu, hasa kama mtoto au yeyote wa nyumbani ametoka Bara karibuni, kusubiri siku tatu bila ya kupima kunaweza kumuua. Homa ya malaria na homa ya mafua hazitofautiki kwa macho wala kwa maelezo, zinatofautishwa na kipimo, na kipimo kiko kituoni.

Kuna dalili ambazo ukiziona usifungue intaneti kabisa, tafuta gari. Kwa mtoto chini ya miaka mitano ni nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea sana na haamki vizuri. Kwa mjamzito ni kutokwa na damu, kichwa kuuma sana pamoja na kuona kiza, au kifafa. Kwa mtu mzima ni uso au mkono kupooza upande mmoja ghafla, au kifua kubana na pumzi kukata. Hapo kazi ya simu ni kumpigia mwenye gari na kuuliza Kitogani au Makunduchi kama wanapokea. Dakika kumi za kusoma ni dakika kumi za mgonjwa.

Nje ya dalili hizo, soma, si vibaya. Lakini msomaji awe na tabia ya kuuliza. Nani ameandika, ni Wizara ya Afya, ni Shirika la Afya Duniani, au ni mtu asiye na jina? Ameandika lini? Na mwishoni mwa maelezo kuna namba ya kununulia dawa? Ukiona dawa moja inatibu sukari, presha, ugumba na saratani, basi hapo pana biashara. Ujumbe wa kupitishwa kwenye vikundi vya WhatsApp ni mgumu zaidi, kwa sababu umeletwa na shangazi au mwalimu wetu wa chuo, na sisi tunamuamini aliyeleta bila ya kumjua aliyeandika. Qur'an katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Sioni kwa nini habari ya dawa iwe nje ya amri hiyo.

Mwaka 2020, wakati wa korona, zilizunguka jumbe za kujifukiza. Mvuke wa maji ya moto huunguza uso na njia ya pumzi, na kirusi kilichokwisha kuingia mwilini haukiui. Siku hizi nyingi ninazoonyeshwa ni za presha na sukari: acha vidonge, kunywa hiki asubuhi. Presha kubwa mara nyingi haina dalili, kwa hiyo mtu akiacha dawa hujiona mzima wiki ya kwanza, ya pili, hata mwezi, na hiyo ndiyo inayomfanya aushuhudie ujumbe na kuupeleka kwa wenzake. Kiharusi kikija hakuna anayekumbuka kuandika kwenye kikundi kwamba dawa ile haikufaa. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, njoo nao kliniki ndani ya simu yako, tuusome pamoja. Hatutakucheka.

Jambo jingine ni sitara. Tumezoea mgonjwa akipelekwa hospitali picha yake iko kwenye kikundi cha ukoo kabla hajapata kitanda, amelala na mpira puani, nguo hazijakaa sawa. Mwengine anapiga picha cheti cha majibu chenye jina na kukituma kuuliza maana yake. Picha ikishatoka haina mwenyewe. Kama unataka ushauri kwa tabibu unayemjua, mpelekee yeye peke yake, funika jina, na umuulize mgonjwa kwanza. Na simu ya nyumbani inayochezewa na kila mtoto iwe na neno la siri.

Upande wa mwili wa mtumiaji nitapita haraka kidogo. Tukiangalia kioo cha kompyuta tunasahau kupepesa, na kupepesa hupungua hata nusu, ndipo macho yanapokauka, yakawasha na kuwa mekundu. Dawa yake si matone ya dukani. Kila dakika 20 inua macho, angalia kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20. Mti wa nje unatosha. Kwa watoto kuna zaidi ya hayo, kwani kukaa na kitu cha karibu siku nzima huchangia kutoona mbali, na kucheza nje mchana huwakinga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe kioo kabisa, wa mwaka mmoja haishauriwi, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mama anayempa mtoto simu ili apate kupika namfahamu, jiko halisubiri, lakini saa moja ihesabiwe.

Vijana wanaume wanaoweka kompyuta juu ya mapaja wasikilize, na katika kuelimishana hakuna haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 nchini Marekani uliwapima vijana 29 kwa saa moja, na joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Mbegu za kiume hazipendi joto. Haijathibitishwa kwamba mtu amekuwa tasa kwa sababu hiyo, lakini meza ipo, au hata ubao juu ya mkeka. Kwa nini ujichome?

Linalonishughulisha zaidi ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 kwa siku. Watoto wetu wana skuli na wana chuo, na Alfajiri wanaamshwa kiasi cha saa 11. Piga hesabu mwenyewe: ili apate saa 9 lazima awe amelala saa 2 usiku, yaani akishasali Isha tu. Simu ikimchukua mpaka saa 5 atabakiwa na saa 6, na mwalimu atasema mtoto ni mzito wa kuelewa. Kinachosaidia ni utaratibu wa nyumba. Kompyuta ikae ukumbini na si chumbani, simu zote zilale sehemu moja kwenye chaja, mzee wa nyumba aanze na yake, na ruta izimwe. Anayekosa saa moja usiku alazwe kidogo baada ya Adhuhuri.

Tumalizie na usafi wenyewe. Simu tunayoingia nayo chooni tunatoka nayo na kuiweka karibu na sahani. Mikono tumeosha, simu hatukuiosha, na vijidudu vya kuharisha havihitaji njia nyingine. Simu ibaki nje. Kibodi na kipanya vinavyoshikwa na nyumba nzima vifutwe angalau mara moja kwa wiki: zima, chomoa umeme, tumia kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70, usimimine juu yake. Suala la spiriti na tohara wanalo masheikh. Asiyeitaka atumie kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha akifute kikavu.

Na ukichaji, chomoa chaja ukutani ukimaliza. Mtoto anayetambaa hukamata ncha ya waya na kuitia mdomoni, na mate yanapitisha umeme. Betri ndogo za mviringo kama kifungo, zilizomo ndani ya rimoti na kompyuta, ni mbaya zaidi: ikikwama kooni huanza kuchoma ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza mpeleke hospitali mbio, usimtapishe, na kama ametimiza mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vidogo kila dakika kumi mkiwa njiani. Gari lisisubiri asali.