Kwa Nini Simu Ina Mambo Yasiyotajwa Kwenye Kijitabu Chake

Simu mpya huja na kijitabu kinachoeleza jinsi ya kuiwasha, kupiga na kutuma ujumbe. Hata hivyo, programu inayoiendesha ina mengi ambayo hayakuandikwa humo. Tangu toleo la Android 4.2 la mwaka wa 2012, kwa mfano, kuna menyu ya watengenezaji programu ambayo haionekani mpaka mtu aguse namba ya toleo mara 7 kwenye mipangilio.

Sababu kuu ni tatu:

1. Majaribio. Wahandisi huweka njia za mkato za kupima kioo, spika na mtandao. Kuziondoa baadaye kunamaanisha kupima programu upya, kwa hivyo mara nyingi huachwa.

2. Ukarabati. Fundi huhitaji kujua simu ina shida gani kabla ya kuifungua.

3. Ahadi kwa mteja. Jambo likiandikwa kijitabuni, kampuni hutarajiwa kulitunza. Lisipoandikwa, inaweza kulibadilisha au kuliondoa bila kumweleza mtu.

Mengine yana manufaa. Kubonyeza *#06# huonyesha IMEI, nambari ya tarakimu 15 inayotambulisha simu. Mwenye simu akiiandika mahali salama, ataweza kuitaja anapopiga ripoti polisi simu ikiibiwa.

Hatari ni kwamba msimbo hutii yeyote anayeutumia. Mwaka wa 2012, ilibainika kuwa ukurasa wa intaneti ungeweza kuamsha msimbo uliofichwa katika baadhi ya simu za Samsung na kufuta kila kitu bila kumuuliza mwenyewe. Kampuni hiyo ilitoa marekebisho ya programu.

Msimbo wa kawaida pia unaweza kuleta hasara. Kwenye mitandao mingi, **21* ikifuatwa na nambari ya simu na alama ya # huelekeza simu zote zinazoingia kwa nambari hiyo nyingine. Tapeli anayejifanya mhudumu wa wateja akimshawishi mtu aubonyeze, simu za mtu huyo zitamfikia tapeli, zikiwemo zile za kuthibitisha akaunti.

Wananchi wanashauriwa:

• Wasibonyeze msimbo wowote waliopewa na mtu wasiyemjua, hata akidai ni wa zawadi au wa kuongeza kasi ya intaneti.

• Wabonyeze *#21# kuangalia kama simu zao zimeelekezwa kwingine, na ##21# kuondoa maelekezo hayo.

• Wazime menyu ya watengenezaji programu fundi akimaliza kazi.

• Wasasishe programu ya simu kila marekebisho yanapotolewa.

• Wasimpe mtu yeyote nambari ya siri ya pesa, hata fundi.

Anayetilia shaka msimbo aupigie simu kwanza mtandao wake kwa nambari rasmi ya huduma kwa wateja. Kuuliza ni bure. Akiba iliyoibwa ni vigumu kuirudisha.