SOMO: TUSIDHANI TU KWAMBA YUMO MSAFARANI

Masomo: Luka 2:41-52, Kumbukumbu la Torati 6:4-9

Somo hili linahusu watoto wetu, nasi tunaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Siku moja bibi mmoja wa kanisa letu hapa Nyarugusu alitufuata baada ya ibada akauliza: "Mchungaji, mjukuu wangu atarudi lini kutoka semina ya kwaya?" Hapakuwa na semina yoyote. Mtoto huyo wa miaka 13 alikuwa ametoka nyumbani siku 9 zilizopita. Bibi alidhani yuko na kanisa. Mwalimu wa kwaya alidhani yuko nyumbani, labda ni mgonjwa. Sisi wachungaji tulikuwa tumepokea hesabu ya watoto wa Jumapili ile, tukaiona ni nzuri, tukamshukuru Mungu. Kumbe yeye alikuwa nje ya kambi, akiwalimia watu mashamba yao ili apate pesa ya madaftari na viatu. Alirudi salama, Bwana asifiwe. Lakini hatukumtafuta, kwa sababu hata hatukujua kwamba hayupo.

Luka anatuambia kwamba Yesu alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walitoka Yerusalemu baada ya Pasaka wakatembea mwendo wa siku nzima bila yeye. Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani yumo katika msafara. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukiwa watoto au vijana, kwa hiyo tunajua msafara ni nini. Kila mtu amebeba mzigo wake, na kila mtu anadhani mtoto anatembea na shangazi yake kule mbele. Kanisa nalo ni msafara. Basi tujifunze mambo manne.

1. Walimtafuta kwa jina. Yosefu na Mariamu waliuliza kwa ndugu na rafiki. Hesabu haimtafuti mtu. Kwa hiyo tumeanza daftari la majina, na kila kijana aliyebatizwa amepewa watoto 10 wa kijiji chake. Mtoto asipoonekana Jumapili, kijana huyo anafika nyumbani kwao kabla ya Jumatano. Vijana wetu wanaolalamika kwamba hawana kazi, kazi ya Bwana ndiyo hii.

2. Walirudi nyuma. Safari ilikuwa ndefu na walikuwa wamechoka, lakini waligeuka. Shule ya Jumapili yenyewe ilienea kwa njia kama hiyo. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester kule Uingereza, Robert Raikes aliwahurumia watoto maskini waliofanya kazi siku 6 na kuzurura siku ya saba. Aliwafungulia darasa siku ya Jumapili, wakafundishwa kusoma. Hakungoja waje wamevaa vizuri. Mtoto wetu asiye na viatu asione haya kuingia kanisani.

3. Walimkuta akisikiliza na kuuliza. Walimu wa hekaluni hawakumfukuza. Watoto wetu wana maswali: Kwa nini tulikimbia? Baba yuko wapi? Tutarudi lini? Mara nyingi tunawaambia wanyamaze, tunaendelea na kukariri mistari. Afadhali mwalimu aseme, "Hilo silijui, tuombe pamoja," kuliko kumfunga mtoto mdomo.

4. Alishuka pamoja nao Nazareti. Kanisa halichukui mahali pa mzazi. Kumbukumbu la Torati 6 inamwagiza mzazi afundishe aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Hata katika nyumba ya matope yenye taa moja, dakika 10 za neno na maombi zinawezekana. Mzazi, ujue saa ambayo mazoezi ya kwaya yanakwisha. Mwalimu, usimweke mtoto peke yake nawe chumbani. Muwe walimu wawili daima, na mlango uwe wazi. Watoto wote warudi nyumbani kabla ya giza.

Ndugu, posho ikipungua tunajua siku ileile, kwa sababu tunapima. Je, mtoto akipungua tunajua siku gani?

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi:
- Jana jioni kila mtoto wa nyumba hii alikuwa wapi, na nani?
- Ni mtoto gani wa jirani ambaye hatujamwona wiki hii? Nani ataenda kumwulizia?
- Wazazi, waulizeni watoto: Kuna swali gani unaogopa kutuuliza? Kisha sikilizeni bila kukasirika.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyetafutwa siku tatu na mama yako, utupe moyo wa kuwatafuta watoto wetu kabla jua halijazama. Amina.

Mungu awabariki.